Mwana wa Muuza Tambi: Sadaharu Oh na Njia ya Skuli katika Besiboli ya Japani

Mchezo wa besiboli uliingia Japani kwa mlango wa skuli. Mwaka 1872 mwalimu wa Kimarekani, jina lake Horace Wilson, aliyekuwa ameajiriwa kufundisha katika chuo cha Kaisei mjini Tokyo, aliwatoa wanafunzi wake uwanjani akawatia gongo na mpira mikononi, na tokea siku hizo hata ikapita miaka zaidi ya sitini, mtu aliyetaka kuuona mchezo huo ukichezwa kwa ufundi ilimlazimu awafuate wanafunzi, kwa kuwa ligi ya wachezaji wa kulipwa haikuwapo, na fikra yenyewe ya kupokea fedha kwa ajili ya kucheza ilihesabiwa na watu wa heshima kuwa ni jambo la fedheha. Namwomba msomaji aliweke jambo hili moyoni, maana asipolijua hatafahamu ilikuwaje kijana ambaye hajamaliza masomo yake, na ambaye hajapata kushika hata senti moja ya ujira, ajulikane jina lake tangu visiwa vya kaskazini mpaka vya kusini.

Ghera hiyo ilikuwa na sababu za siasa pia. Tarehe 23 Mei 1896 vijana wa Skuli Kuu ya Kwanza ya Tokyo walikwenda Yokohama wakacheza na klabu ya wageni wa Kimagharibi, waliokuwa kwa miaka wakijivuta kukubali mwaliko wao, wakawashinda kwa 29 kwa 4. Wakati ule mikataba ya zamani ilikuwa bado inawapa wageni wa Ulaya na Marekani haki ya kushitakiwa mbele ya mabalozi wao badala ya kadhi wa nchi, hali ambayo wazee wa Unguja wa enzi za Masultani wasingehitaji kuelezwa. Na kwa hivyo ushindi wa watoto wa skuli juu ya mabwana wa bandarini ulipokewa kama habari ya taifa, na mchezo wa kigeni ukageuka tangu hapo kuwa mali ya Wajapani wenyewe, wakatia ndani yake taalimu yao ya subira, utii na kujikalifisha, mpaka mazoezi ya timu ya skuli yakafanana na riadha za mawalii kuliko na mchezo wa watoto.

Kwa ajili ya msomaji aliyezoea kriketi ya Mnazi Mmoja na hajapata kuiona besiboli, itoshe kusema kwamba huku pia yuko mtupaji na yuko mpigaji mwenye gongo. Mpigaji akikosa mara tatu hutolewa, akipata hukimbia kituo hata kituo mpaka arejee alipoanzia, na akiupiga mpira ukavuka uzio wa uwanja bila ya kugusa chini, huzunguka kwa raha yake hakuna wa kumzuia, na pigo hilo ndilo liitwalo homurani. Mengineyo hujifunzwa kwa kutazama.

Mwaka 1915 gazeti la Asahi liliandaa mashindano ya kwanza ya skuli za nchi nzima katika uwanja wa Toyonaka, karibu na Osaka, zikafika timu 10. Na haikupita miaka kumi watazamaji wakawa wamezidi mno kiasi cha kampuni ya reli ya Hanshin kujenga uwanja mpya mkubwa, uliokamilika tarehe 1 Agosti 1924, ukaitwa Koshien kwa sababu mwaka ule ulikuwa wa kwanza katika duru ya miaka sitini ya kalenda ya kale ya Kichina. Gazeti la Mainichi nalo, lisilotaka kuachwa nyuma na hasimu wake, lilianzisha mashindano ya majira ya machipuko mwaka huohuo, nayo toka mwaka wa pili yakahamia hapohapo Koshien. Wajapani hupenda kusema kwamba mahali pale ni pa usafi wa nia, nami sikatai. Ila si vibaya kukumbuka kwamba waliojenga uwanja ni watu wa reli waliotaka kuuza tikiti, na walioandaa mashindano ni watu wa magazeti waliotaka kuuza magazeti.

Kanuni ya Koshien ni kali: timu ikifungwa mara moja imekwisha, na kwa wanafunzi walio katika mwaka wao wa mwisho kufungwa huko ndiko kuuaga uwanja wa skuli kwa daima. Kwa ajili hiyo ikaingia ada ambayo imedumu mpaka leo, kwamba wachezaji walioshindwa, kabla ya kutoka, hupiga magoti wakachota udongo mweusi wa uwanja kwa viganja vyao, wakautia katika mifuko ya viatu wakaenda nao makwao. Jina la mashindano yenyewe limevuka hata bahari, maana walimu wa Kijapani walioufundisha mchezo huu Tanzania waliyapa mashindano ya skuli za sekondari za huko jina hilohilo la Koshien, na Dar es Salaam, katika skuli ya Azania, ukajengwa uwanja wa besiboli.

Ama mlango wa pili, ule wa kutoka skuli kwenda katika ligi ya kulipwa, ulifunguka kwa shida na kwa gharama. Wizara ya Elimu ilitoa amri mwaka 1932 kuwakataza wanafunzi kucheza na wachezaji wa kulipwa, ikichelea kwamba fedha itaharibu murua wa vijana. Miaka miwili baadaye Matsutaro Shoriki, mwenye gazeti la Yomiuri, aliwaalika nyota wa Marekani, wakiwamo Babe Ruth na Lou Gehrig, nao wakazunguka nchi nzima wakishinda. Na mtu aliyewatia wasiwasi alikuwa kijana wa miaka 17, Eiji Sawamura, mtupaji wa Skuli ya Biashara ya Kyoto, ambaye ili apate kusimama mbele yao ilimbidi kwanza aiage skuli yake. Tarehe 20 Novemba 1934, katika uwanja wa Kusanagi mjini Shizuoka, Sawamura aliwatoa mfululizo Gehringer, Ruth, Gehrig na Foxx, kila mmoja kwa kumkosesha mara tatu, na mchezo akaupoteza kwa 1 kwa 0 tu, kwa homurani moja ya Gehrig. Mwezi uliofuata Shoriki akaunda klabu ambayo ndiyo iliyokuja kuitwa Yomiuri Giants, na Sawamura akawa fahari yake ya mwanzo. Hakuzeeka. Vita vilimwita jeshini mara tatu, vikamwondolea nguvu za bega, na tarehe 2 Desemba 1944 meli iliyokuwa ikimpeleka vitani ilizamishwa na nyambizi ya Kimarekani naye akafa akiwa na miaka 27. Tuzo ya mtupaji bora wa mwaka ina jina lake tangu 1947.

Nimeitanguliza habari ya Sawamura ili ionekane njia aliyoikuta yule ninayemkusudia. Sadaharu Oh alizaliwa Tokyo mwezi Mei 1940, baba yake akiwa Mchina na mama yake, Bibi Tomi, Mjapani. Baba huyo, Wang Shifu, alikuwa mtu wa Qingtian katika jimbo la Zhejiang, aliyekuja kutafuta riziki Japani, na baada ya taabu za kila namna akafungua mkahawa wa tambi uliojulikana kwa jina la Gojuban, katika mitaa ya mafundi na vibarua iliyo kando ya mto Sumida. Mitaa ile ndiyo iliyoteketezwa kwa mabomu ya moto usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 1945, usiku ambao inakadiriwa watu laki moja waliangamia. Na mtoto huyo, ambaye dada yake pacha alikwisha fariki angali mchanga, aliokolewa mgongoni mwa mama yake aliyekuwa akikimbia katika moshi. Vita vilipokwisha mkahawa ulijengwa upya, na baba akawa na mpango mmoja tu maishani, kwamba mwanawe mkubwa awe tabibu na mdogo awe mhandisi, kisha wote warejee China wakawafae watu wa kijiji chao. Mkubwa alitimiza nusu ya mpango, akawa tabibu kweli. Mdogo alifanya mtihani wa kuingia skuli ya serikali ya Sumidagawa, ambayo ingemfikisha kwenye uhandisi, akashindwa.

Kwa uoni wangu kushindwa huko ndiko kulikoamua mambo, lakini kulikuwa na sababu nyingine iliyotangulia. Mwaka 1954 mchezaji wa kulipwa wa klabu ya Mainichi Orions, Hiroshi Arakawa, alikuwa akipita kwenye uwanja ulio karibu na mto, akasimama kuwatazama watoto wakicheza, akamwona mmoja mrefu, anayetupa kwa mkono wa kushoto ilhali anapiga kwa upande wa kulia. Alimwuliza sababu, na mtoto hakuwa na jawabu la maana; akamwambia ajaribu upande wa kushoto, na mtoto, ambaye hajapata kufanya hivyo katika mchezo, akaupiga mpira ukaenda mbali sana. Arakawa alimdhania kuwa yu karibu kumaliza masomo, kwa kimo chake, naye hakustaajabu kidogo alipoambiwa kwamba ni mtoto wa miaka 14. Ndipo akamtajia skuli aliyosoma yeye mwenyewe, Waseda Jitsugyo, yaani skuli ya biashara iliyo chini ya Waseda, mashuhuri kwa besiboli. Mlango wa Sumidagawa ulipofungwa, huu ulikuwa wazi.

Katika Waseda Jitsugyo kijana Oh alikuwa mtupaji kwanza na mpigaji baadaye. Machipuko ya mwaka 1957, akiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, aliiongoza timu yake Koshien, na huko akatupa mchezo baada ya mchezo siku kwa siku, kama ilivyokuwa desturi ya wakati huo ya kumtwika mtupaji mmoja mzigo wote, mpaka ngozi ya vidole vya mkono wake wa kushoto ikatoka lengelenge na lengelenge likapasuka. Mdakaji wake alianza kuuona mpira ukimfikia una madoa ya damu. Kijana alificha, hakuwaambia wakubwa wa timu, na kila baada ya kutupa alikuwa akijifuta kwa suruali. Namna baba alivyopata habari mpaka leo husimuliwa kwa mshangao, lakini alizipata, akapanda treni ya usiku kutoka Tokyo na dawa ya kwao, mizizi ya ginseng na mvinyo wa Kichina, akaitengeneza katika nyumba ya wageni walikofikia wachezaji, akamtia mwanawe vidoleni, kisha akarejea kwenye mkahawa wake. Mzee huyu alikuwa haujui mchezo wala hakuupenda, na nadhani katika kadhia yote hii hakuna kitendo kinachomtambulisha zaidi kuliko safari hiyo. Fainali ilichezwa na Skuli ya Biashara ya Kochi, nao Waseda Jitsugyo wakashinda kwa 5 kwa 3, na bendera ya mashindano ya machipuko, ambayo ilikuwa haijapata kutwaliwa na skuli ya Tokyo, ikapelekwa mji mkuu kwa maandamano.

Kiangazi cha mwaka huohuo alirudi Koshien akatupa mchezo wa zamu 11 za kupiga dhidi ya Neyagawa bila ya kumruhusu mpigaji hata mmoja kupata pigo safi, akashinda kwa 1 kwa 0. Kufikia hapo hapakuwa na mtoto wa skuli Japani aliyejulikana kuliko yeye.

Kisha yakaja majira ya kupukutika majani, na pamoja nayo Tamasha la Michezo la Taifa, lililofanywa Shizuoka, ambalo timu zilizotia fora Koshien hualikwa. Waseda Jitsugyo waliitwa. Mtupaji wao hakuitwa. Kanuni ya tamasha ilisema kwamba washiriki wawe raia wa Japani, na kijana huyu, ijapokuwa alizaliwa Tokyo, akasoma Tokyo, na mama yake ni Mjapani, alikuwa ameandikwa kwa uraia wa baba yake. Wenzake wakaenda bila yeye. Oh mwenyewe, alipokuja kuieleza habari hiyo katika utu uzima, hakuieleza kwa ghadhabu, na watu wengi wamemsifu kwa upole huo. Mimi naona upole wa mwenye kudhulumiwa haumpunguzii dhambi aliyetunga kanuni. Watu wale wale waliomshangilia mwezi wa Agosti walimwona mgeni mwezi wa Oktoba, na hakuna kilichobadilika baina ya miezi hiyo isipokuwa karatasi iliyosomwa mlangoni.

Wala hakuwa yeye peke yake aliyekwazwa na karatasi. Mwaka 1958 skuli ya Shuri ilipeleka timu Koshien kutoka Okinawa, kisiwa kilichokuwa bado chini ya mamlaka ya Marekani, na watu wake walihitaji pasi kusafiri kwenda Japani. Walifungwa katika mchezo wao wa kwanza na timu ya Tsuruga, wakachota udongo wao kama desturi. Lakini walipofika bandari ya Naha waangalizi wa karantini ya mimea waliuzuia, kwa hoja kwamba ni udongo wa nchi ya kigeni, ukamwagwa baharini. Habari ilipoenea, watumishi wa ndege za Japani walikusanya mawe madogo ya Koshien wakawapelekea, maana sheria ilikataza udongo na haikukataza mawe, nayo mawe hayo yamejengewa kumbukumbu katika skuli ya Shuri.

Mwaka huohuo wa 1958 Oh alikosa Koshien yake ya mwisho. Katika fainali ya Tokyo dhidi ya skuli ya Meiji, Waseda Jitsugyo walipata pointi nne katika zamu ya 12, wakawa mbele kwa 5 kwa 1, na waliokuwa uwanjani walikwisha anza kuwapa hongera. Meiji wakapata tano katika nusu ya pili ya zamu hiyo hiyo. Ikawa ndiyo hatima ya mambo ya skuli.

Siku zile haukuwapo bado utaratibu wa klabu kugawana vijana kwa kura, ambao ulianzishwa mwaka 1965, na kwa hivyo kijana hodari aliposwa na klabu nyingi kama mwari, wajumbe wakipishana mlangoni kwa baba yake. Hanshin Tigers walikuwa na tamaa kubwa ya kumpata na wazee walielekea huko; yeye akachagua Giants, akaingia msimu wa 1959. Katika kambi ya mazoezi mwalimu mkuu, Shigeru Mizuhara, alimtazama siku chache akatoa uamuzi kwamba utupaji wake hautoshi ligi ya watu wazima, ila gongo lake laweza kufaa, na kwa kuwa Tetsuharu Kawakami, mlinzi wa kituo cha kwanza aliyekuwa nguzo ya klabu, alikuwa amestaafu mwaka uliotangulia na mahali pake pako wazi, kijana akawekwa hapo. Hivyo kazi aliyojulikana kwayo nchi nzima, iliyomtoa damu vidoleni, ilikwisha kwa maneno ya siku moja.

Yaliyofuata yalikuwa ya kusikitisha. Alisimama na gongo mara 26 bila ya kupata pigo hata moja. La kwanza, tarehe 26 Aprili, lilikuwa homurani, lakini furaha yake haikudumu, maana alimaliza msimu na homurani 7, wastani wa upigaji wa .161, na mara 72 akatolewa kwa kukosa. Ipo siku moja ya fahari katika mwaka ule, tarehe 25 Juni, Mfalme alipofika uwanjani kwa mara ya kwanza kutazama mchezo wa ligi ya kulipwa, Oh akapiga homurani ya kusawazisha na Shigeo Nagashima, aliyetoka Chuo Kikuu cha Rikkyo mwaka uliotangulia na kuwa nyota tangu alipoingia, akapiga ile ya kumaliza. Lakini siku moja haiufuti mwaka. Mwaka wa pili alipiga 17 akakosa mara 101. Wa tatu 13. Watazamaji walimzomea, naye, kijana mwenye fedha mikononi na usiku wa Ginza mbele yake, alizoea kunywa. Lau mtu angeulizwa mwishoni mwa 1961, angesema kwamba huyu ni mmoja wa wale wengi waliochanua skuli wakanyauka ligini.

Kawakami, aliyekuwa sasa mwalimu mkuu, alimwajiri kwa msimu wa 1962 mwalimu wa upigaji, naye si mwingine ila yule Arakawa wa kando ya mto. Arakawa alimtaka kwanza ajitenge na ulevi. Kisha akatafuta ugonjwa ulipo, akauona: Oh alikuwa na haraka, mwili wake ukitangulia mbele kabla mpira haujafika, na gongo likichelewa nyuma ya mwili. Kumkanya kwa maneno hakukufaa kitu. Tarehe 1 Julai 1962, mjini Kawasaki, kabla ya mchezo na Taiyo Whales, baada ya wakubwa wa klabu kulaumu kwamba mpigaji wao hapigi, Arakawa alimwamuru ajaribu siku hiyohiyo njia waliyokuwa wakiigusa mazoezini, ya kunyanyua mguu wa kulia hewani na kusimama kwa wa kushoto peke yake mtupaji anapoanza kutupa. Muradi wake ni rahisi kuufahamu: mtu aliyesimama kwa mguu mmoja hawezi kukimbilia mbele bila ya kuanguka, kwa hivyo hana budi kungoja. Mara ya kwanza Oh alipata pigo safi. Mara ya pili, homurani. Alikuwa hajafikisha kumi tangu msimu uanze. Alimaliza na 38, akaongoza ligi.

Lakini mguu mmoja ulikuwa mwanzo tu wa taabu. Kwa miaka kadhaa, usiku baada ya michezo, Oh alikwenda nyumbani kwa Arakawa kufanya mazoezi katika chumba kilichotandikwa mikeka ya tatami, akigeuka juu ya mguu wake mahali pamoja mpaka mkeka ukachakaa ukatoboka, ukabadilishwa, ukatoboka tena. Walikwenda kwa Morihei Ueshiba, mwanzilishi wa aikido, kujifunza namna ya kuutuliza uzito wa mwili chini ya kitovu. Kisha Arakawa akaleta upanga. Alining'iniza ukanda wa karatasi kwa uzi kutoka darini, na Oh alitakiwa aukate. Kazi inayoonekana ya kitoto kwa mtu asiyejaribu, maana karatasi iliyoachwa hewani huukimbia upepo wa upanga wenyewe, na kadiri mtu anavyotia nguvu ndivyo inavyosogea, isikatike mpaka upanga upite kwa mstari mnyoofu bila ya kutetema mkono. Ndani ya chumba kile, kwa maoni yangu, ndimo alimofanyika mpigaji. Koshien ilimpa jina na ikamzoeza kustahimili maumivu, wala si kidogo hayo. Bali ufundi ulitoka kwa mwalimu mmoja aliyekubali kukesha na mwanafunzi mmoja, na wanaodai kwamba mashindano ya skuli ndiyo yanayozaa mabingwa wanasahau miaka mitatu ya kuzomewa iliyokaa katikati.

Matokeo yanajulikana, na nitayapita upesi. Mwaka 1964 alipiga homurani 55 kwa msimu, hesabu ambayo haikupitwa Japani mpaka 2013. Aliongoza ligi kwa homurani miaka 13 mfululizo, 1962 hadi 1974, na mara 15 kwa jumla. Yeye na Nagashima wakaipa Giants ubingwa wa nchi miaka tisa kwa kufuatana, 1965 hadi 1973. Tarehe 2 Novemba 1974 Hank Aaron, aliyekuwa amekwisha ipita hesabu ya Babe Ruth, alikuja Tokyo wakashindana kupiga homurani mbele ya watu wa Korakuen, Mmarekani akashinda kwa 10 kwa 9. Tarehe 3 Septemba 1977, uwanjani hapohapo, dhidi ya Yasujiro Suzuki wa Yakult Swallows, Oh alipiga ya 756, moja zaidi ya zote alizopiga Aaron maishani mwake, na wazazi wake, mzee wa tambi na Bibi Tomi, wakaitwa katikati ya uwanja kusimama naye. Alistaafu mwaka 1980 akiwa na 868.

Wamarekani wamezoea kusema kwamba viwanja vya Japani vilikuwa vidogo na watupaji wake dhaifu, na la viwanja lina ukweli. Lakini msimu wa Japani nao ulikuwa mfupi, michezo 130 au zaidi kidogo ambapo Marekani ni 162, na watupaji waliokuwa wakimwogopa walimpitishia mbali maelfu ya mipira ili asipate ya kupiga. Anayetaka kuzilinganisha hesabu hizo mbili kwa haki hana mizani ya kufanyia hivyo, na Aaron mwenyewe alikuwa rafiki ya Oh na akaanzisha pamoja naye mpango wa kuwafundisha watoto wa dunia besiboli.

Siku mbili baada ya pigo la 756 serikali ya Waziri Mkuu Takeo Fukuda ilimpa Nishani ya Heshima ya Raia, iliyotungwa wakati huo, naye akiwa mtu wa kwanza kabisa kuipokea, ijapokuwa kwa kitabu cha serikali hiyo hiyo hakuwa raia. Hakuomba kubadilishiwa uraia baada ya hapo wala kabla. Aliifundisha Giants, kisha akaenda Fukuoka kufundisha Hawks, na mwaka 1996 mashabiki wenye hasira walilipiga mayai basi la timu, na miaka mitatu baadaye mashabiki haohao wakamshangilia kama bingwa. Tarehe 20 Machi 2006, mjini San Diego, timu ya taifa ya Japani iliifunga Cuba kwa 10 kwa 6 ikatwaa kombe la kwanza la dunia la besiboli la mataifa yenye wachezaji wa kulipwa, na mwalimu mkuu aliyekuwa akirushwa juu na wachezaji wake katika nguo za rangi za Japani alikuwa Sadaharu Oh, mwenye pasi ya Jamhuri ya China.